Kabla ya kununua kiyoyozi, tazama paa lako: somo nililolipata Nyeri

Nilipowapigia simu watu wa nyumbani Mombasa kuwaambia kwamba mtoto wetu ametokwa na harara kwa sababu ya joto, walicheka. Harara Nyeri? Mji ambao mtu wa pwani akitajiwa hukimbilia kutafuta sweta? Mamangu aliuliza kama tumemvisha mtoto manguo mengi kwa woga wa baridi. Hatukumvisha. Ilikuwa Januari, tumepanga nyumba ya mbao yenye paa la mabati mtaa wa Ruring'u, na kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi chumba cha kulala kilikuwa tanuri. Tukifungua madirisha yote, bado jasho. Tukitoka na mtoto kuketi chini ya mparachichi wa jirani, baada ya dakika kumi mke wangu anatafuta mtandio wa kumfunika.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza. Hewa ya nje ilikuwa ya kupendeza. Kilichokuwa moto ni nyumba.

Jirani yetu, mzee aliyekuwa seremala enzi zake, aliingia siku moja kutuletea maziwa. Akainua kichwa kutazama mabati yaliyopigiliwa moja kwa moja kwenye mbao, hakuna kitu katikati yake na sisi. Akaniambia, "Baba Salma, hii ni sufuria iliyofunikwa. Weka silingi." Nikamjibu kwamba nyumba si yangu, mzee wangu, mimi ni mpangaji tu. Akasema, "Mtoto ni wako."

Nimeandika makala haya kwa sababu kila kaskazi inapoingia hapa pwani napokea maswali yale yale: kiyoyozi gani ni kizuri, cha ukubwa gani, kitakula uniti ngapi. Ramadhani ya 2025 iliangukia mwezi Machi, jua la utosi, na maswali yakazidi. Jibu langu siku zote huanzia Nyeri, mahali ambapo hakuna anayenunua kiyoyozi cha nyumbani, na ambapo nilielewa joto la nyumba linatoka wapi.

Jua la mlimani

Nyeri iko kama mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Kwa wastani hewa hupoa kwa takriban nyuzijoto 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hivyo anayetoka Mombasa hadi Nyeri amepungukiwa na nyuzi kama 11 njiani. Hata Februari na mwanzo wa Machi, wakati wa joto zaidi, mchana wa Nyeri kwa kawaida huzunguka nyuzi 26, na usiku huteremka hadi karibu 12. Nanyuki, unakopita mstari wa ikweta, iko juu zaidi na usiku wake ni mkali zaidi. Ukiteremka kwenda Sagana, Mwea na Embu joto linarudi, na ukiuzunguka mlima hadi Isiolo uko kwenye nchi kavu ya moto. Kwa hiyo mtu asiseme "miji ya Mlima Kenya" kana kwamba ni hali moja ya hewa.

Lakini jua ni jambo jingine na hewa ni jambo jingine. Hewa ya mlimani ni nyepesi, haizuii jua kama inavyozuiwa chini kwetu kwenye mvuke wa bahari. Asubuhi ya Januari anga huwa safi kiasi cha kuona barafu kileleni ukiwa umesimama stendi. Anga hiyo hiyo safi, ikifika adhuhuri, inaachia jua lipige mabati bila kizuizi. Bati lililokolea rangi au lililoshika kutu hufika nyuzi 60 na zaidi. Huwezi kulishika kwa mkono. Na bati la moto namna hiyo halipashi hewa ya chumbani peke yake. Linamulika joto lake moja kwa moja chini, kama jiko la makaa lililoning'inizwa juu ya kitanda. Ndiyo maana madirisha hayakutusaidia. Hewa baridi iliingia, ikapita, na sisi tukaendelea kuchomwa kutoka juu.

Usiku mambo hugeuka. Bati hutoa joto lake kuelekea anga wazi hadi likawa baridi kuliko hewa yenyewe. Mvuke wa pumzi zetu unagonga bati, unakuwa maji, na alfajiri matone yanadondoka juu ya chandarua. Mara ya kwanza niliamka kwa sala nikadhani paa linavuja, na nje hakukunyesha hata tone. Mwezi wa Julai, msimu wa baridi ambao wenyeji wanauita gathano, matone hayo yalikuwa mateso.

Nyumba za kale za Wakikuyu hazikuwa na taabu hii. Zilikuwa za mviringo, kuta za miti na udongo, paa la nyasi nene lililoteremka hadi karibu na kimo cha mtu. Nyasi iliyofungwa imejaa hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Mchana jua linaishia juu, usiku moto wa mafiga unabaki ndani. Makuti yetu hufanya kazi hiyo hiyo ya mchana, tena yanapumua. Hata hivyo simlaumu mtu aliyeezua makuti akaezeka bati. Mimi mwenyewe nimekimbia na ndoo usiku wa masika, na sote tunajua cheche moja ya jikoni hufanya nini kwenye paa la makuti. Bati halivuji, haliungui, na hukingia maji ya mvua. Kosa ni kuliweka peke yake.

Dari, na nafasi iliyo juu ya dari

Mwenye nyumba alikataa mwanzoni. Baadaye akakubali tununue bodi sisi, naye akatukatia sehemu kwenye kodi. Yule mzee alisimamia kazi na akanifundisha jambo ambalo mafundi wengi wa pwani hulipuuza: dari haifai kubanwa na bati. Lazima pabaki nafasi ya hewa, na nafasi hiyo iwe na tundu la kutokea joto. Alitoboa matundu kwenye ukuta wa pembetatu, kule juu kabisa chini ya mgongo wa paa, pande zote mbili, akayaziba kwa wavu wa chuma ili popo na panya wasiingie. Hewa ya moto iliyo juu ya dari ikapata njia ya kutoka. Sisi tulio chini hatukuiona tena.

Tofauti ilikuwa siku hiyo hiyo. Sisemi chumba kiligeuka barafu. Nasema saa nane mchana mtoto alilala.

Kuhusu vifaa, kila mtu na mfuko wake. Bodi laini ni rahisi na huzuia joto vizuri, ila zikilowa hulegea na kushuka. Jipsamu inapendeza na haishiki moto kwa urahisi, lakini inataka fundi anayejua na paa lisilovuja. Mbao nyembamba za kuunganishwa, ambazo Nyeri hutumika sana, hudumu miaka. Nimeona pia watu wakigongomelea maboksi, magunia na majamvi chini ya bati. Joto litapungua, ndiyo, lakini waya za umeme zikipita hapo juu umejitengenezea utambi. Kama ni lazima, ziondoe waya kwanza au uziweke ndani ya bomba lake.

Kuna pia ile karatasi ngumu inayong'aa kama fedha, huuzwa kwa mizingo. Hurudisha joto linalomulikwa na bati. Ila ili ifanye kazi, upande unaong'aa lazima utazame nafasi yenye hewa. Ukiibana kati ya bati na mbao bila nafasi, umenunua pambo. Na ikijaa vumbi nguvu yake hupungua, kwa hiyo upande unaong'aa ukitazama chini hudumu zaidi.

Anayejenga upya ana bahati: achague bati la rangi nyeupe au ya maziwa. Najua maruni na kijani kibichi ndizo rangi za fahari, huku pwani na kule Karatina vilevile. Lakini rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua, na iliyokolea huinywa karibu yote. Bati la zamani linaweza kupakwa rangi nyeupe ya paa. Msitumie chokaa kwenye bati. Chokaa ikilowa hula zinki na alumini, na baada ya misimu michache utakuwa na matundu. Chokaa ni ya kuta, na ya paa la saruji la ghorofa, ambako ni dawa rahisi kuliko zote: ipake kabla ya Disemba, irudie mvua ikiiosha.

Kwa nini usiige kila kitu cha bara

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wawe makini, kwa sababu yako mambo Nyeri yanafanya kazi vizuri sana na Mombasa yatakutesa.

Nyeri ukiwa na nyumba ya mawe, unaweza kuipoza kwa hewa ya usiku. Kuanzia magharibi unafungua madirisha, hewa ya nyuzi 12 au 14 inapita, kuta nzito zinapoa. Saa tatu asubuhi unafunga madirisha na kushusha mapazia upande wa jua. Mawe yatachukua hadi alasiri kupata joto, na wakati huo jua linakaribia kuzama. Huhitaji hata feni. Hii ndiyo sababu nyumba za mawe za Nyeri zina madirisha madogo na wenyewe hawalalamiki.

Sasa chukua ramani hiyo hiyo uijenge Mtwapa. Usiku wa Machi hewa haishuki chini ya nyuzi 24 au 25, na imejaa unyevunyevu. Ukuta mzito uliopigwa na jua mchana kutwa hauna pa kuliacha joto lake, unalirudisha chumbani saa ile unayotaka kulala. Na dirisha dogo la bara halileti upepo. Ndio msiba wa nyumba nyingi mpya za Kisauni, Bamburi na Likoni: mpango wa bara, vyumba mgongo kwa mgongo, dirisha moja kila chumba, bati bila dari. Kisha mtu anaambiwa anunue kiyoyozi.

Utasema, mbona nyumba za Lamu zina kuta nene za matumbawe na ni baridi? Ni kweli, na mji ule uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001 kwa sababu ya majengo hayo. Lakini tazama vitu vinavyofuatana na kuta hizo. Vichochoro ni vyembamba, nyumba zinakingiana jua, kwa hiyo ukuta hauchomwi kutwa. Kuna kiwanda, ua wa ndani ulio wazi juu, joto linapanda na kutoka. Dari ziko juu. Kuta zimepakwa chokaa nyeupe. Ukichukua unene wa ukuta ukaacha mengine, umechukua lawama.

Nyumba yetu ya Kiswahili ya kawaida nayo ilikuwa na hekima yake: ushoroba katikati, mlango wa mbele ukitazamana na mlango wa uani, vyumba huku na huku, na mwanya kati ya kichwa cha ukuta na paa. Upepo ukiingia barazani unatokea uani. Mtindo huu ulipanda bara na watu wetu. Pumwani ya Nairobi ilijengwa hivyo miaka ya 1920, na Nyeri ina Majengo yake kama Nanyuki ilivyo na yake. Lakini ushoroba unaopitisha upepo ni neema Mombasa, na mwezi wa Julai Nyeri ni adhabu.

Adhabu hiyo ndiyo inayowafanya watu huko kuziba matundu ya hewa kwa magazeti na nailoni, kisha wakaingiza jiko la makaa chumbani. Nalisema hili ingawa mada yetu ni joto, kwa sababu wapwani wanaohamia huko kwa kazi au masomo hawalijui. Makaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Jiko likae nje, na tundu la hewa libaki wazi hata kama meno yanagongana. Dari itakusaidia na baridi hiyo pia, maana joto la mwili na la kupikia halipandi tena kwenye bati.

Kibla, jua na upepo

Baada ya paa, kitu cha pili ni ukuta wa magharibi. Sisi tulio karibu na ikweta, jua la adhuhuri hupita juu ya paa, halipigi sana kuta za kaskazini na kusini. Lakini jua la alasiri huja chini, likapiga ukuta na dirisha la magharibi uso kwa uso, saa ambayo nyumba imekwisha kuchoka. Wajenzi wa maghorofa mapya Nyeri na Nanyuki wanapenda vioo vikubwa vya buluu upande wowote wa barabara. Ikiwa barabara iko magharibi, mpangaji amekwisha.

Mwislamu ana njia rahisi ya kujua pande za nyumba yake. Makka kwa mtu wa Mombasa iko karibu kaskazini sawasawa. Ukisimama kuswali, magharibi iko mkono wa kushoto. Nyeri kibla huinama kidogo tu kuelekea mashariki. Kwa hiyo simama kwenye msala, nyoosha mkono wa kushoto: ukuta huo ndio wa kukingwa. Upande mti, mwembe au mwarobaini kwa pwani, mparachichi kwa bara. Ukikosa nafasi, tandaza mpasheni kwenye fito, au ongeza baraza yenye paa. Kivuli cha nje ya kioo ni bora kuliko pazia zito la ndani, kwa sababu jua likishapita kioo limeshaingia nyumbani, pazia linalishikilia tu humo humo.

Upepo wetu wa pwani una tabia inayojulikana. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, Disemba hadi Machi. Kusi hutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili hivi. Yote miwili ina upande wa mashariki ndani yake, upande wa bahari. Dirisha la kuingizia upepo liwe huko, na pawe na tundu la kutokea upande wa pili, ikiwezekana juu zaidi. Chumba chenye dirisha moja hakina upepo hata ukikaa ufuoni. Toboa tundu juu ya mlango. Na wavu wa mbu uoshwe. Wavu uliojaa vumbi na chumvi ni kama ukuta, nami nimewahi kuona mtu akilalamikia feni kumbe tatizo ni wavu wa miaka minne.

Feni kwanza

Feni haipozi chumba, inampoza mtu, kwa kukausha jasho lake. Kwa hiyo ukitoka izime. Feni ya dari hula wati kama 70. Ikizunguka saa nane usiku ni zaidi kidogo ya nusu uniti. Kiyoyozi cha chumba kimoja, kile cha BTU 12,000, hula karibu kilowati moja kinapofanya kazi. Saa nane mfululizo ni uniti nane. Kwa mwezi, uniti kama 17 dhidi ya 240. Zidisha kwa bei iliyo kwenye ujumbe wako wa tokeni. Kiyoyozi kikiwa katika chumba chenye dari nzuri hufika joto ulilotaka kikapumzika, kwa hiyo hutalipa zote 240. Chini ya bati tupu hakipumziki.

Ukikihitaji, kwa mgonjwa, mzee au mtoto mchanga, weka chumba kimoja, ziba nyufa za mlango, kiache kwenye nyuzi 25 au 26 huku feni ikizunguka polepole, na osha chujio lake kila wiki chache.

Jihadhari na feni za maji zinazouzwa kama "kiyoyozi cha bei nafuu". Hupoza hewa kwa kukausha maji, na hilo linataka hewa kavu. Nanyuki au Isiolo wakati wa ukame zitakufaa. Mombasa hewa imeshiba maji tayari. Utaamka na shuka lenye unyevu na ukungu kabatini.

Nyumba ya mamangu iko Kisauni. Makuti yake tuliyatoa miaka mingi iliyopita tukaezeka bati, watoto wake tukijisifu kwamba tumemstarehesha. Ana ugonjwa wa presha, na kila Machi alikuwa akibeba mkeka kulala uani. Kaka yangu alikuwa ameshatenga pesa za kiyoyozi. Nilimwomba asubiri mwezi mmoja. Tuliweka dari, tukatoboa matundu juu kama yule mzee alivyonionyesha, tukapaka bati rangi nyeupe na kufungua tundu juu ya mlango wa chumba chake. Pesa zilizobaki zikanunua feni mbili. Mkeka umerudi ndani. Bado analalamika kwamba feni inamkausha koo, na tumemwekea mtungi wa maji karibu na kitanda.